Aliye juu mngoje chini, lakini asije kwa kishindo

Watu hupanda miti kwa sababu nyingi, ndugu msomaji. Mgema wa Pwani huukwea mnazi akitafuta tembo, mrina asali wa Ukambani huufuata mzinga wake mbuyuni, na mtoto aliyelelewa karibu na mwembe hana haja ya kuulizwa alifuata nini huko juu. Kule Marekani wapo wanaopanda mti wakakaa kitako, kimya, tangu kabla ya mapambazuko hadi saa nne au saa tano za asubuhi, upinde mapajani, wakimngoja kulungu apite chini yao.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya barua. Kijana mmoja, msomaji wetu wa hapa Nairobi, anaeleza kwamba kaka yake aliyekwenda masomoni katika jimbo la Wisconsin na kuajiriwa huko huko ametuma picha akiwa juu ya kiti kidogo cha chuma kilichofungwa mtini, futi ishirini hivi kutoka ardhini. Mama yao aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mwanawe amerogwa. Kijana anataka kujua iwapo mchezo huo ni halali, na iwapo una hatari.

Halali ni halali, maadamu ana leseni na msimu umefunguliwa. Hatari pia ipo, ila haiko pale mama anapoidhania. Mama anauogopa mshale. Nakala ya picha iliambatanishwa na barua, nami niliitazama mara mbili nikitafuta kamba. Sikuiona.

Kiti cha namna hiyo hakikosi jina katika Kiswahili. Wakulima wetu hujenga jukwaa la miti katikati ya shamba, wakapanda juu yake kuwalinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege, ngedere na nguruwe. Wengine huliita ulingo na wengine dungu. Kwa kuwa neno ulingo siku hizi limetekwa na mabondia, hapa tutatumia dungu.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Huyu ni kulungu wa mkia mweupe, na licha ya jina, si ndugu wa kulungu wetu wa misitu ya Aberdare. Wa kwetu ni wa jamii ya swala, na pembe zake hudumu naye maisha yote. Dume wa Marekani huziangusha pembe zake kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha akaota nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanyama hawa walikuwa wamebaki laki chache tu, kwa sababu waliwindwa ovyo ili nyama na ngozi zao ziuzwe sokoni. Ndipo mwaka wa 1900 ikapitishwa Sheria ya Lacey, iliyozuia kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Majimbo nayo yakaweka misimu na viwango. Leo hii kulungu hao wanakadiriwa kuwa kiasi cha milioni 30 katika Amerika Kaskazini. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza hawapo tena katika sehemu nyingi, na kulungu huingia mashambani, hula maua ya watu mijini na kugongwa na magari barabarani. Kwa hivyo mwindaji huko haonekani kuwa adui wa mnyama. Tangu mwaka wa 1937 kodi ya bunduki na risasi hutumiwa kuhifadhi wanyamapori, na mwaka wa 1972 Bunge la nchi hiyo liliongeza pinde na mishale katika kodi hiyo.

Wisconsin, jimbo lile lile la kaka yetu, ndiyo iliyofungua msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde peke yake mwaka wa 1934. Pinde za siku hizo zilikuwa za mti mtupu. Mwaka wa 1966 fundi mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hataza ya upinde wenye kapi kwenye ncha zake. Upinde huo ukishavutwa hadi mwisho, kapi huubeba uzito mwingi, na mwindaji anaweza kuushikilia huku akingoja kulungu apige hatua moja zaidi. Pinde nyingi utakazoziona madukani huko leo ni za namna hiyo.

Nawe msomaji usije ukasema gazeti lilikutuma. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Ukionekana Karura na upinde, utajieleza mwenyewe.

Sasa turudi mtini. Kwa nini mtu apande? Mshale si risasi. Mwindaji wa kawaida hutakiwa kumkaribia kulungu hadi mita 15 au 25 hivi, na mnyama huyu ana pua ambayo haina mfano kwetu sisi binadamu, na masikio yanayozunguka kila upande. Juu ya mti mtu hutoka katika mstari wa macho ya kulungu, na harufu yake hupata nafasi ya kupita juu kabla haijatua. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: mshale unaopigwa kutoka juu, ukikosa, huingia ardhini. Haurandirandi kichakani ukamtafuta jirani.

Kazi ya dungu huanza miezi kadhaa kabla ya msimu. Wisconsin msimu wa pinde hufunguliwa katikati ya Septemba, hivyo anayeanza kuhangaika na ngazi mwezi huo huo amechelewa, na papara yake ndiyo itakayompa tabu. Mwenye busara huenda msituni mapema akatafuta njia za kulungu: mahali wanapolala mchana, mahali wanapokula jioni, na uchochoro unaounganisha sehemu hizo mbili. Mti wa mwaloni unaoangusha matunda yake ni kama kibanda cha mahindi choma nje ya shule. Mashina machanga yaliyochubuliwa maganda yanaonyesha kwamba dume amesugua pembe zake hapo.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo wengi hushindwa. Dungu linafaa kuwekwa upande ambao upepo unatoka kwa kulungu kuja kwa mwindaji, si kinyume chake. Wengine hubeba kichupa cha unga laini, wakaupuliza kidogo na kuangalia unaelekea wapi. Penye vilima hesabu huongezeka. Asubuhi jua likishapasha ardhi joto, hewa hupanda mlimani, na jioni ikipoa huteremka bondeni, nayo harufu hufuata. Dungu lililofaa alfajiri laweza kuwa bure machweo. Kwa sababu hiyo wazoefu huandaa madungu mawili kwa pepo mbili tofauti, na siku upepo ukikataa yote mawili hubaki nyumbani na watoto. Nao huchagua njia ya kufikia dungu isiyokatiza njia ya kulungu, kwani kuna faida gani kupanda mti kwa siri ilhali nyayo zako zimeshatangaza?

Mti wenyewe uwe hai, umenyooka, na shina lake liwe nene kiasi cha kumbeba mtu mzima na vyuma vyake bila kuyumba. Mti uliokufa usiguswe hata ukionekana imara. Katika majimbo mengi mdudu mmoja wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka wa 2002, ameua mamilioni ya miti iitwayo eshi, na mingi ingali imesimama wima kama askari, ndani ikioza. Misumari nayo iachwe nyumbani. Majimbo mengi yanakataza kuipigilia kwenye miti ya misitu ya umma. Msumari huujeruhi mti, hulegea kadiri mti unavyokua, na miaka ya baadaye msumeno wa mpasuaji mbao huukuta ndani.

Madungu yanayouzwa ni ya namna tatu hivi. Kuna ngazi ndefu yenye kiti juu yake, nzito, inayohitaji watu wawili au watatu kuisimamisha, na hiyo ndiyo ningemshauri anayeanza. Kuna kiti cha kuning'iniza kinachofungwa kwa mnyororo au mkanda, nawe hukifikia kwa vipande vya ngazi vilivyofungwa shinani. Na kuna kiti cha vipande viwili ambacho mtu hupanda nacho mwenyewe, akikaa na kusimama, kukaa na kusimama, kama kiwavi. Hicho kinataka mti usio na matawi chini, na mtu asiye na kitambi.

Liinuliwe kiasi gani? Hapa vijana hupenda kushindana, huyu futi 25, yule futi 30. Ushindani huo una gharama. Kulungu akipigwa huku ukimtazama karibu wima kutoka juu, mshale huweza kupita kwenye pafu moja tu, na mnyama mwenye pafu moja zima huweza kwenda mbali sana kabla ya kuanguka, au asipatikane kabisa. Mshale huua kwa kutoa damu, hauna kishindo cha risasi. Futi 15 hadi 20, yaani mita tano au sita, zinatosha.

Wanafunzi mnaoumia na Pythagoras, huyu hapa amepanda mti. Dungu likiwa mita 6 juu na kulungu akiwa mita 18 kutoka kwenye shina, mstari kutoka jichoni hadi kwake ni mita 19 kasoro kidogo. Mshale lakini huvutwa na ardhi kulingana na zile 18 za chini. Tofauti ya mita moja ni ndogo kuliko hofu ya wengi. Kinachoharibu zaidi ni mwili: mtu huinamisha mikono badala ya kukunja kiuno, na mshale hupita juu ya mgongo wa mnyama. Dawa yake ni kufanya mazoezi kutoka mahali pa juu, ukiwa umevaa koti lile lile la baridi utakalowindia, kwa maana mkono mpana wa koti hukwaruzwa na ugwe wa upinde.

Nimechelewa kufika kwenye kamba, na ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Mwaka wa 2010 madaktari wa upasuaji wa Ohio walichapisha hesabu ya watu 130 walioumia wakiwinda na kupokewa hospitalini katika kipindi cha miaka kumi. Nusu yao walikuwa wameanguka, na wengi mno kati ya hao walianguka kutoka madungu ya mitini. Waliopata majeraha ya risasi hawakufika theluthi moja. Anayeanguka futi ishirini na kuangukia mizizi huvunjika mgongo, nyonga au miguu, na wengine huishia katika kiti cha magurudumu. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, au katika ile hatua moja ya kutoka ngazini kuingia kwenye dungu. Basi anayejifunga mkanda baada ya kuketi amejikinga na sehemu iliyo salama zaidi ya safari yake.

Kujifunga huanzia chini, miguu ikiwa bado kwenye nyasi. Mkanda unaofaa ni ule wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani, si ule wa kiunoni pekee. Wakati wa kulifunga dungu lenyewe, mtu huongeza mkanda unaouzunguka mti, kama mafundi wa stima tunaowaona juu ya nguzo zetu mitaani, ili mikono yote miwili iwe huru kufanya kazi. Dungu likishakaa, kamba ya uhai hufungwa shinani juu ya kichwa cha mwindaji na kuteremshwa hadi ardhini. Katika kamba hiyo huwa na kitanzi chenye fundo liitwalo Prusik, kutokana na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieneza mwaka wa 1931. Ukilisukuma kwa mkono fundo hilo huteleza, ukilivuta kwa uzito wa mwili huuma kamba na kukataa kwenda. Mwindaji hulipandisha pamoja naye, hatua kwa hatua, na kushuka nalo vivyo hivyo. Kamba na kitanzi havina bei ya kumzuia mtu aliyekwisha kununua upinde wa kapi.

Akiketi, fundo liwe juu ya kichwa na mkanda usilegee. Ukiachwa mrefu, akianguka atashuka kiasi cha kushindwa kulifikia dungu tena, naye atabaki akining'inia. Hilo nalo si jambo la kucheka. Mtu anayening'inia bila kusogea, mikanda ikimbana mapaja, damu yake hukwama miguuni. Anaweza kuzimia, na hata kufa, bila mfupa wake mmoja kuvunjika. Mikanda mizuri huja na utepe wa kukanyagia ili asimame ndani yake. Kama haupo, auchezeshe miguu na kuusukuma mti hadi msaada ufike. Msaada huo utafika kama simu na filimbi viko mfukoni. Vikiwa ndani ya mkoba ulioachwa chini ya mti, ni sawa na kutokuwa navyo. Betri ya simu nayo huisha upesi kwenye baridi kali, hivyo kabla ya kuondoka nyumbani mtu aache neno: niko mti gani, nitarudi saa ngapi.

Upinde haupandi na mtu. Hubaki chini, mishale ikiwa ndani ya podo lenye kifuniko, ukavutwa kwa uzi baada ya mwenyewe kuketi na kujifunga. Vichwa vya mishale hiyo ni vikali kama wembe wa kinyozi, na mtu aliyeteleza akiwa navyo mkononi huwa na majeraha mawili badala ya moja.

Kisha kulungu huja, ikiwa ni siku ya bahati. Mara nyingi haji. Akija, mwindaji mwadilifu humngoja asimame, ampe ubavu, na awe ndani ya umbali ambao yeye mwenyewe ameupiga mara nyingi mazoezini. Hatua moja nyuma ya hapo, upinde haupandishwi. Na baada ya mshale kuondoka, hutakiwa kukaa pale pale kwa nusu saa hivi kabla ya kufuata damu, kwa kuwa mnyama anayekimbizwa huenda mbali, na asiyekimbizwa hulala karibu. Nusu saa hiyo humfaa mwindaji mwenyewe pia. Magoti humtetemeka, moyo humdunda, na wenyewe hata wana jina la hali hiyo: homa ya dume. Si wakati wa kushika ngazi yenye jalidi.

Kwa hivyo kijana, mjibu kaka yako, naye mama atulie. Hakuna aliyemroga. Usimwambie aache, maana amekwisha onja. Mwulize tu maswali machache. Ile mikanda iko wapi? Dungu lile alilinunua, au alilikuta mtini likiachwa na mwingine? Kama alilikuta, asilipande kamwe kabla ya kulishusha na kulikagua, kwa sababu hakuna ajuaye mikanda yake imepigwa na jua kwa miaka mingapi. Kindi nao huitafuna, nyuma ya shina, mahali ambapo macho hayafiki.

Na msimu ukiisha Januari, alishushe hata kama theluji imemchosha. Mti hausimami kukua kwa kuwa umefungwa. Mkanda ulioachwa mwaka mzima hukazwa na shina linalonenepa, nyuzi zake zikapasuka moja moja, au gome likaumeza kabisa. Wenye uangalifu huukunja mkanda, wakauandika tarehe ya kununuliwa kwa kalamu ya wino mzito, wakautundika ghalani hadi Agosti.